Nani Aliandika Hiyo Orodha?

Tuseme una saratani ya koo na daktari anakwambia: uvimbe tutaupiga, lakini kuna kitu kitaumia njiani. Chagua: mdomo ukauke miaka yote, ama kumeza chakula kuwe kazi. Ungesema nini?

Eksirei hupenya mwili na kutokea upande wa pili, ikiacha mionzi kila inapopita. Protoni hutoa nguvu yake nyingi mwisho wa safari, kisha inasimama. Mwanafizikia Mmarekani Robert Wilson ndiye alipendekeza, mwaka 1946, itumike kutibu. Lakini hata protoni haipati nafasi ya kutosha kooni. Tezi za mate, misuli ya kumeza na uti wa mgongo vimebanana hapo kama abiria wa matatu saa za jioni. Ukimpunguzia huyu mionzi, mara nyingi unamwongezea mwenzake.

Kawaida mtu huketi mbele ya kompyuta akibadilisha namba kwa saa nyingi mpaka mpango ukubalike. Siku hizi programu inaweza kupanga yenyewe. Huko Rotterdam, Uholanzi, hospitali ya Erasmus MC ilitengeneza moja, Erasmus-iCycle. Hiyo hufuata orodha ya matakwa: kwanza masharti yasiyovunjwa, halafu malengo yaliyopangwa kwa umuhimu. Ikimaliza lengo la juu, inashuka kwa linalofuata bila kuharibu la kwanza.

Sasa, hesabu ni ya mashine, sawa. Lakini nani alisema mate yatangulie ama yafuate kumeza? Fizikia haina maoni hapo. Watu waliamua, kabla hata hujaugua. Mimi naishi kwa maneno. Ningeomba nibakishiwe mate. Mamangu, ambaye furaha yake ni pilau, angelinda kumeza. Orodha moja ingetupa sisi wote mpangilio uleule.

Msinielewe vibaya, simtetei mpangaji binadamu. Uholanzi, mgonjwa wa saratani ya kichwa na shingo hutengenezewa mipango miwili, wa eksirei na wa protoni, halafu inalinganishwa. Kwa madhara ya wastani, protoni lazima ipunguze uwezekano kwa angalau pointi 10 za asilimia ndio apewe. Fikiria mpango wako wa protoni umefanywa Ijumaa jioni na mtu aliyechoka. Unaweza kukosa nafasi kwa uchovu wa mtu mwingine. Mashine haichoki, na hiyo ni haki ya kweli.

Tena mpangaji naye ana orodha yake, ila iko kichwani, na pengine hata yeye hajawahi kuisoma. Ile iliyoandikwa tunaweza kuiuliza maswali na kuipinga. Basi tuipinge. Usawa si kila mtu kuumia mahali pamoja. Kama programu inaweza kutoa mpango bila kumkalisha mtu kwa saa nyingi, inaweza kutoa mitatu, na daktari akaketi na mgonjwa akamwonyesha kila mmoja unabakisha nini na unachukua nini.

Wengine watasema mgonjwa ana hofu, hawezi kuchagua. Inawezekana. Anaweza kumwambia daktari, “Nichagulie.” Lakini hata kusema hivyo ni lazima kwanza aulizwe.