Mpagazi Anataka Nini?

Je, mtunzi wa riwaya ana haki gani ya kuyapanga maisha ya watu waliokwisha kufa ili yapendeze kusomwa? Swali hili halikwepeki kwa mtu anayekaa Tabora na kutamani kuandika juu ya njia ya misafara, kwa sababu hapa visa havihitaji kutafutwa mbali. Burton na Speke walifika Unyanyembe mwaka 1857. Baba yake Tippu Tip alikuwa na makazi yake hapa. Mwaka 1871 Mirambo alianza vita na Waarabu wa Tabora, na njia ya kwenda Ujiji ikafungwa. Tembe la Kwihara ambamo Livingstone alingoja wapagazi mwaka 1872 limegeuzwa makumbusho. Mtu hupita chini ya miembe akadhani riwaya imekwisha jiandika, kazi yake ni kunakili tu.

Naam, hapo ndipo wengi wanapopotea. Njia ina udanganyifu wake. Ina mwanzo Bagamoyo, ina katikati Tabora, ina mwisho Ujiji, na kwa hiyo mwandishi huamini kwamba amepata msuko wa kisa. Huandika kwamba msafara ulitoka, ukafika kambini, ukalipa hongo, ukatoka tena. Kurasa mia mbili zitajaa namna hiyo na msomaji atakuwa amelala tangu kambi ya tatu. Msafara hauwi kisa mpaka awepo ndani yake mtu anayetaka kitu, na mwingine asiyekubali akipate. Abdulrazak Gurnah alilijua jambo hili. Katika riwaya yake ya mwaka 1994, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, kijana Yusuf haingii safarini kwa kupenda kuona nchi. Ametolewa rehani kwa deni la baba yake. Deni ndilo linalosukuma kurasa. Njia inafuata nyuma.

Sasa tutazame tukio moja lililotokea Kwihara. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga kwa nguo na magome ya mti, wakaanza kuuchukua kuelekea pwani. Mwezi Oktoba walifika Unyanyembe, wakamkuta Luteni Cameron, aliyetumwa kutoka Uingereza kumsaidia huyo huyo waliyembeba. Cameron alikuwa mgonjwa wa homa na macho. Aliwashauri wamzike palepale, maana njia iliyobaki ilikuwa ya hatari. Walikataa. Cameron akachukua baadhi ya vyombo vya kupimia vilivyokuwamo katika mizigo ya marehemu, ingawa hawakupenda, akaendelea na safari yake ya magharibi.

Mtunzi hawezi kuomba tukio bora kuliko hili. Watu wa pande mbili wamo katika ua mmoja, na kila upande una sababu njema. Mwenye cheo anashauri, wasio na cheo wanakataa. Wakati wa kutoka, hakuna aliyepata yote aliyoyataka.

Lakini walikataa kwa nini? Vitabu vya zama zile vilitoa jibu moja, uaminifu, na vikafunga mjadala. Chuma na Susi wakawa watumishi wema, basi. Mimi jibu hili linanikera, si kwa sababu uaminifu ni kitu kidogo, bali kwa sababu mpagazi aliyeandikwa hivyo ana bega bila kuwa na haja yake mwenyewe. Katika vitabu vingi vya wasafiri yeye ni hesabu tu: watu mia na kitu, kila mmoja na mzigo wa kadiri ya kilo 30. Akitoroka ni mwizi, akibaki ni mwaminifu. Hatuambiwi kama anadai mshahara wa miezi mingi, kama anaogopa kushitakiwa kwamba bwana wake ameuawa, au kama amechoka kuamuliwa. Chuma alikuwa amekombolewa utumwani mwaka 1861. Mtu aliyepitia hayo na kuambiwa na mgeni wapi auweke mzigo wake, je, hawezi kusema hapana kwa ajili yake mwenyewe?

Ndiyo maana nathubutu kusema kwamba kupanga kisa ni jambo la maadili kabla ya kuwa jambo la ufundi. Anayeamua ni nani katika tukio atakayekuwa na matakwa, ameamua pia ni nani atakayehesabiwa kuwa mtu. Petina Gappah, katika riwaya yake ya mwaka 2019 juu ya safari hiyo hiyo, alimpa sauti Halima mpishi, na mara njia yote ikabadilika sura. Wengine watasema kumtilia marehemu maneno kinywani ni kumdhulumu. Nakubali ipo hatari. Ila kumwacha kimya huku tukiwapa maneno wazungu watatu waliokuwapo nayo ni dhuluma, tena ya zamani zaidi.

Na wale watu walikuwa watunzi wenyewe. Huko Kasekera, mashariki ya Unyanyembe, wenyeji walikataa maiti isipite nchini mwao. Basi waliufunga mwili upya ufanane na mtumba wa nguo. Kisha walifunga mabua ya mtama kwa sura ya maiti, wakawatuma wenzao warudi nayo Unyanyembe, machoni pa watu wote, kana kwamba wamekata tamaa na wanakwenda kuzika. Februari 1874 mwili ulifika Bagamoyo. Wachukuzi walilipwa, wakaachwa waende zao. Katika mazishi ya London, tarehe 18 Aprili, alikuwapo Jacob Wainwright peke yake kati yao. Wale wa mabua, walipokwisha fika mbali na kijiji, walichomoa bua moja moja wakalitupa porini, kisha wakazificha nguo, na mmoja mmoja wakapotelea katika majani marefu kuwafuata wenzao.