Je, ni haki kumdanganya ndege ili umwone?

Ndugu msomaji, huenda swali hili likakuchekesha. Watu wanahangaika na ada za shule na kodi za nyumba, na mwalimu wa dini anauliza habari za ndege! Lakini wanazuoni wetu hawakuwa wakidharau maswali madogo. Waliandika kurasa nyingi juu ya kisima kilichoangukiwa na panya. Nami swali hili nimeletewa na wanafunzi wangu hapa Cheyo, mjini Tabora, na halikumalizika kwa neno moja.

Habari yenyewe ni hii. Kwa muda sasa nimekuwa nikijifunza kuangalia ndege, mimi na vijana wachache, siku za Jumamosi baada ya Alfajiri. Bado ni wanagenzi. Tuna darubini moja ambayo tunapokezana. Na ndege anayetutoa jasho kuliko wote ni kigogota, yule agogotaye miti, hasa hawa wenye mgongo wa kijani.

Wengi wanadhani kigogota ni mmoja. La hasha. Katika misitu ya miombo inayoizunguka Tabora wapo kadhaa. Yupo mkubwa mwenye michirizi myeusi usoni mithili ya ndevu, ambaye hupiga gogo kavu kwa nguvu, akianza haraka haraka na kumalizia polepole, ukasikia kutoka mbali. Huyo hana taabu, mwenyewe anajitangaza. Yupo mdogo kabisa mwenye mistari. Kisha wapo hawa wenye mgongo wa kijani kilichochanganyika na umanjano: mmoja ana madoa kifuani na hupenda kushuka chini kula siafu na sisimizi, na jike lake lina baka la kahawia chini ya jicho na kooni, mwingine ana mistari kifuani na mkia wenye rangi ya dhahabu. Hawa hawapigi sana gogo. Utawajua kwa sauti, na sauti yenyewe huja mara moja, kisha kimya.

Tatizo la pili ni tabia yake. Kigogota akikuona hazunguki na habari, anazunguka na mti! Vidole vyake viwili vimeelekea mbele na viwili nyuma, mkia wake ni mgumu na anauegemea kama mkongojo, kwa hiyo hupanda gogo akiwa upande wa pili, nawe umebaki kutazama gome la mninga. Dawa yake ni subira. Tafuta mti uliokufa au tawi kavu, kaa jua likiwa mgongoni mwako, usiseme, usinyooshe kidole. Mwezi wa Agosti na Septemba, miombo ikiwa imepukutisha majani, kazi inakuwa nyepesi. Hata hivyo unaweza kukaa saa mbili ukaondoka na sauti tu.

Sasa ndipo lilipozuka jambo. Kijana mmoja alikuja na simu yenye sauti za ndege zilizorekodiwa. Akasema: “Ustadh, kwa nini tuteseke? Tukiipiga sauti ya dume hapa, dume mwenye eneo hili atakuja mwenyewe mbio.” Na kweli ndivyo inavyokuwa, kwani waongozaji wa watalii duniani kote wanafanya hivyo. Mwingine akamkatiza: “Huo si uongo?” Darubini ikawekwa chini, mjadala ukaanza.

Tuanze na hoja ya mwenye simu, maana ina nguvu. Alisema kuwinda ni halali. Mwindaji anatega mtego, anajificha, anamhadaa mnyama, kisha anamchinja na kumla. Ikiwa kumhadaa ndege ili umuue umle inajuzu, itakuwaje kumhadaa ili umtazame tu, kisha umwache aende zake? Nikiri hoja hii ilininyamazisha kwa muda.

Lakini tuitazame vizuri. Mwindaji ameruhusiwa kwa sababu ya haja, na ruhusa ya haja haivuki mpaka wa haja. Ndiyo maana Mtume (s.a.w.) alikataza kumfanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya kulengea. Anayewinda na anayelenga kwa mchezo wanatumia mshale ule ule. Kinachowatofautisha ni nini wanachokitaka. Sisi tunataka nini? Tunataka kuona, tena kuona haraka. Kuona ni neema, na kuyatafakari maumbile tumehimizwa. Haraka ndiyo ambayo hakuna aliyetuhimiza.

Na yule ndege anapata nini? Dume anayesikia sauti ya dume mwenzake hasikii muziki. Anasikia mvamizi. Anaacha kula, na kama ni wakati wa kuatamia huenda akaacha mayai, maana kwa vigogota dume na jike hupokezana kuatamia. Anakuja amejaa ghadhabu kumtafuta adui asiyekuwepo. Hamuoni, hamfukuzi, na wala haujui ugomvi umeishaje. Tumepokea katika Sunan Abi Dawud habari ya masahaba waliochukua makinda wawili wa ndege wakiwa safarini, mama yao akawa anatapatapa juu yao, na Mtume (s.a.w.) akaamuru makinda yarudishwe. Ndege yule hakujeruhiwa hata unyoya. Alichofanyiwa ni kutiwa huzuni, na hilo likatosha kuwa kosa la kurekebishwa.

Kipo pia kisa kinachosimuliwa sana katika darsa, cha Imam Bukhari na mtu aliyekuwa akimwita farasi wake kwa nguo iliyokunjwa kana kwamba ina chakula, ilhali ni tupu. Imam akaacha kupokea hadithi kwake. Sitaki kubishana na mtu juu ya isnadi ya kisa hicho. Ninachoona ni kwamba Waislamu kwa karne nyingi wamekisimulia bila kukishangaa, yaani iliwaingia akilini kwamba anayemwongopea mnyama ameshaongopa.

Msidhani hapa kwetu hatujui kuitana na ndege. Warina asali wa miombo wanamfahamu mlembe, ndege anayeita watu na kuwaongoza mpaka kwenye mzinga wa nyuki porini. Wapo wanaomwita kwa mbinja naye akaja. Ule ni wito wenye ahadi: mtu anapata asali, ndege anapata nta na masega. Sisemi kila mtu ni mwaminifu. Kwa Wahadzabe imeonekana nta ikifichwa au kuchomwa ili mlembe abaki na njaa na aendelee kuongoza. Lakini hata huko wito una kitu nyuma yake. Sauti ya simu haina kitu nyuma yake.

Ipo tena historia ya mji wetu. Mwaka 1880 Mjerumani Richard Böhm alikuja nyanda hizi kwa njia ya misafara itokayo pwani, akakaa Kakoma, kusini ya Tabora, akikusanya ndege. Wakati ule kumwona ndege vizuri ilikuwa ni kumpiga risasi na kuipeleka ngozi yake Berlin. Alifariki mwaka 1884 huko Katanga, na mpaka leo yupo keremkerem mwenye jina lake. Kutoka bunduki mpaka darubini tumepiga hatua kubwa. Simu imetuonesha kuwa ipo namna ya kumwacha ndege hai na bado ukamtumia.

Nabii Sulaiman (a.s.), kama ilivyo katika Surat An-Naml, alifundishwa lugha ya ndege, naye akakiita kipawa hicho fadhila iliyo wazi. Hudhud aliposema, yeye alielewa. Sisi tumepewa simu inayosema maneno ya ndege tusiyoyaelewa, tukimwambia mwenye nyumba yake tusichokijua.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba haifai, ila kwa mtafiti mwenye haja ya kweli, na kwa kiasi. Hata vyama vya waangaliaji ndege huko Marekani vinawataka wanachama wao wapunguze kutumia sauti hizo. Wala sisemi ni haramu. Kuharamisha si kazi yangu.

Yule mwenye simu hakuridhika. Ameniuliza: “Na sanamu tunayoisimamisha kwenye shamba la mpunga, yenye kanzu na kofia, siyo uongo kwa ndege?” Nimemjibu kuwa mkulima analinda riziki yake, nasi hatulindi chochote. Akasema ndege hajui tofauti hiyo. Hapo amesema kweli, na ndipo tulipofikia.