Sawa kwa Kipimo cha Nani?

Mwaka 1998 kuna dawa iliyogoma kuyeyuka. Ilikuwa ritonavir, dawa ya kupambana na virusi vya Ukimwi, iliyokuwa imeingia sokoni Marekani miaka miwili tu kabla. Kapsuli zikaanza kufeli mtihani wa kuyeyuka. Kampuni ya Abbott ilipochunguza, ilikuta molekuli ni zile zile, na atomu ni zile zile. Kilichobadilika ni namna molekuli zilivyojikunja na kujipanga ndani ya fuwele. Mpangilio mpya uliyeyuka kwa shida sana, na dawa isiyoyeyuka tumboni haifiki kwenye damu. Kapsuli hizo zikaondolewa sokoni. Zile laini zilizofuata zilitaka kuwekwa kwenye friji. Sasa hebu waza friji kwenye boma lisilo na stima.

Ukiuliza fomula ya kemia kama dawa hizo mbili ni sawa, itasema ndiyo. Ukiuliza tumbo, litasema hapana. Nani anasema ukweli?

Kuna watu ambao kazi yao ni kulijibu swali hili. Wanaotafuta dawa, betri au vyuma vipya wana maelfu ya mipangilio ya atomu kwenye kompyuta, na lazima wajue upi ni mpya na upi ni ule wa jana uliogeuzwa tu. Si kazi rahisi vile. Ukiandika mahali pa kila atomu kwa nambari, kisha ukizungushe kipande hicho hicho kidogo, kama unavyozungusha kikombe mezani, nambari karibu zote zinabadilika. Kikombe ni kile kile. Kompyuta inaapa ni kingine.

Kwa hivyo kipimo kizuri lazima kifundishwe kupuuza. Mwaka 2013 Albert Bartók, Risi Kondor na Gábor Csányi walichapisha kipimo kinachoitwa SOAP, ambacho bado kinatumika sana. Ukikieleza kwa lugha ya nyumbani ni hivi: simama kwenye atomu moja, tazama majirani walio ndani ya umbali fulani, na kila jirani umchore kama kijiwingu badala ya nukta. Fanya hivyo kwa atomu nyingine pia. Kisha zungusha mchoro mmoja juu ya mwenzake kwa kila upande na upime mawingu yanavyoingiliana. Unapata nambari kati ya 0 na 1. Ukipata 1, kipimo kinasema mazingira hayo mawili ni sawa.

Nambari moja, safi kabisa. Lakini tazama kilichoachwa nje ili ipatikane. Jirani aliye nje ya duara ni kama hayupo. Kitu na taswira yake kwenye kioo pia vinapata 1, yaani kiatu cha kushoto na cha kulia ni kimoja. Kwa kipande cha chuma hiyo ni poa. Kwa dawa, molekuli ya kushoto na ya kulia zinaweza kufanya kazi tofauti kabisa mwilini.

Na ukitaka kulinganisha vipande vizima kwa kutafuta wastani wa atomu zote, atomu chache za ajabu zinazama kwenye umati. Yakuti nyekundu wanayochimba Taita Taveta ni oksidi ya alumini, ambayo ikiwa safi haina rangi. Kinachoipa wekundu ni atomu chache za kromi zilizokaa mahali pa alumini. Wastani wa mpangilio utakwambia mawe hayo mawili yanakaribia kuwa sawa. Sonara atakucheka.

Mimi niliacha chuo kikuu mwaka wa tatu kwa sababu ya karo. Siku hizi nikijaza fomu ya kazi nakuta visanduku viwili: amemaliza, hajamaliza. Kwenye hicho cha pili niko na yule aliyepata mtoto, yule aliyefukuzwa kwa kuiba mtihani, na yule aliyeona biashara inalipa kuliko lekcha. Fomu inatupa nambari moja, ati sisi ni sawa.

Ni rahisi kuishia hapo na kusema vipimo vyote ni uonevu. Siamini hivyo. Usipopuuza chochote, hakuna kitu kinachofanana na kingine, hata kikombe na chenyewe kilichogeuzwa. Daktari asiyekubali kwamba wagonjwa wawili wanafanana hawezi kumtibu wa pili kwa aliyojifunza kwa wa kwanza. Na tunaposema watu ni sawa mbele ya sheria, tunaiamuru sheria ipuuze kabila, dini na mfuko. Huko kupuuza ndiko haki yenyewe.

Basi ubaya uko wapi? Kwangu uko kwenye kupuuza kimyakimya. Mwaka 2020 lilitoka jarida la utafiti lililoonyesha kwamba ipo mipangilio ya atomu ambayo kwa kweli ni tofauti, lakini vipimo vya aina hii vinaiona ni kitu kimoja. Miongoni mwa walioliandika wamo Bartók na Csányi wenyewe. Waliotengeneza kipimo walisaidia kuonyesha mahali kinapodanganyika, wakaweka na mifano, mtu yeyote ajionee.

Hapo ndipo naona somo la maadili ambalo sikulitarajia kwenye hesabu za atomu. Anayesema "hawa ni sawa" ana deni la maswali mawili. Umepuuza nini? Na ukiwa umekosea, nani ataumia? Fomu yangu haijawahi kujibu hata moja. Wala sisi hatujibu tunaposema watu wa mtaa fulani wote ni wezi kwa kuwa tumetazama majirani tu, tena kwa umbali tuliojichagulia.

Ritonavir baadaye ilipatikana kwa tembe zisizohitaji friji, na hapa Kenya wapo wanaoimeza pamoja na dawa nyingine. Anayeimeza hajali fomula. Anataka kujua kama kidonge cha leo kitafanya kazi ya kile cha jana, na anayemhakikishia kwamba ni sawa anapaswa kuwa amepima kile ambacho tumbo lake litapima.