Amani ya Moyo Si Usingizi

Mara nyingi twasikia mtu akisema, "Niacheni, nataka amani ya moyo." Maana yake ataka kelele zikome na shida za wenziwe zisimfikie. Je, hiyo ndiyo amani? Tumeona vema kulitazama swali hili kwa njia ya muziki wa jadi wa India, ambao wengi huusifu kwa kutuliza nafsi.

Huko kaskazini mwa India mpigaji hufuata raga. Raga si wimbo uliokwisha tungwa, bali ni utaratibu wa sauti: zipi zitumike, zipandeje na zishukeje. Raga nyingi zina saa zake, nyingine za alfajiri, nyingine za usiku. Mpigaji huanza polepole bila ngoma, akiitafuta kila sauti kwa saburi. Tabla huingia baadaye.

Msikilizaji hutulia, lakini utulivu huo haupatikani bure. Mwaka 1938 kijana Ravi Shankar, aliyekwisha zunguka Ulaya na Marekani na kundi la wachezaji la kaka yake, aliacha kucheza, akaenda mji mdogo wa Maihar kujifunza sitari. Mwalimu wake, Allauddin Khan, alikuwa mkali. Mwanafunzi alikuwa Mhindu, mwalimu Mwislamu. Raga ilikuwa moja.

Basi, mtu akishapata utulivu wa namna hiyo, aufanyie nini? Mwaka 1971 mamilioni ya watu walikimbia vita katika Pakistani ya Mashariki, ambayo sasa ni Bangladesh, wakaingia India. Shankar, ambaye ukoo wake ni wa Kibengali, angaliweza kusema kuwa kazi yake ni muziki tu. Hakusema hivyo. Alimwendea rafiki yake George Harrison, na tarehe 1 Agosti mwaka ule wakafanya maonyesho mawili New York kwa ajili ya wakimbizi. Shankar na wenzake walipokwisha kukaza nyuzi, watu wakawapigia makofi, wakidhani muziki wenyewe umekwisha pigwa!

Tusiwacheke. Kuutuliza moyo ni kukaza nyuzi. Muziki wenyewe ungali mbele. Anayekaza nyuzi maisha yake yote bila kumpigia mtu, ameshika chombo kizuri kisicho na faida.

Huenda mtu akauliza, "Je, wapole wasiopenda makundi ya watu?" Annapurna Devi, binti wa Allauddin Khan, aliacha kupiga hadharani, akaishi kwa faragha mjini Mumbai hadi alipofariki mwaka 2018. Hata hivyo wanafunzi walibisha hodi kwake, naye akawafundisha. Mlango wake ulikuwa mwembamba, lakini haukufungwa.

Kwa hiyo tukitaka kuipima amani yetu, tusiulize tu kama tumetulia. Tuulize pia: jirani akibisha hodi, twasikia?