Bilauri, Mvinyo na Heshima ya Mgeni

Lipo swali ambalo kwa sura ni dogo na kwa uzito si dogo: mtu anapochagua chombo cha kunywea, humchagulia nani? Hukichagulia kinywaji, hujichagulia mwenyewe, au humchagulia mgeni wake? Swali hili huweza kuulizwa popote, lakini huulizika vyema zaidi pale kinywaji kigeni kilipokutana na ukarimu wa kale. Mahali pamoja pa namna hiyo ni Mollo, pande za Sumbawanga, katika uwanda wa juu wa Ufipa.

Ufipa umeinuka baina ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi yake humfanya mtu wa pwani aulizie blanketi la pili. Ni nchi ya ulezi, na ulezi ndio mama wa pombe ya huko, pombe inayopikwa kwa wingi ili inywewe na wengi. Mvinyo uliingia kwa mlango mwingine. Mapadri Weupe, walioshika Karema ufukoni mwa Ziwa Tanganyika mwaka 1885, walikuja na divai ya misa. Ikawa divai ni kitu cha altareni kabla ya kuwa kitu cha mezani. Leo Dodoma, ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, imeufanya mvinyo mwekundu uwe kinywaji cha nyumbani kwa yeyote mwenye uwezo wa kuununua.

Basi ichukuliwe nyumba moja ya kufikirika hapo Mollo. Mwenye nyumba ni mwalimu. Siku ya sikukuu amenunua chupa ya mvinyo, na kabatini anazo bilauri mbili tu za kioo chembamba, zenye mguu mrefu. Wageni wamefika sita: mzee wa ukoo, mama mkwe, shemeji wawili, na jirani na mkewe. Vilivyobaki ni bilauri za maji na vikombe vya plastiki. Nani apewe nini?

Kabla ya kujibu, haki itendeke kwa bilauri yenyewe, kwani wako wanaodai kwamba haina kazi ila madaha. Hilo si kweli. Sehemu kubwa ya kile kiitwacho ladha ni harufu. Bilauri yenye tumbo pana na mdomo uliobanwa huikusanya harufu hiyo chini ya pua ya mnywaji, hasa ikijazwa theluthi tu. Mguu huzuia joto la kiganja. Kioo kisicho na rangi huonyesha wekundu wa mvinyo. Mwaka 2015 watafiti wa Tokyo, wakiongozwa na Kohji Mitsubayashi, waliupiga picha mvuke wa kileo juu ya mvinyo uliopoa kiasi, wakaona kwamba katika bilauri ya mvinyo mvuke hujipanga kama pete ukingoni, na katikati huwa hafifu, hata pua ikapata nafasi ya kunusa. Katika bilauri iliyonyooka pete hiyo haikuonekana. Chombo, kwa hiyo, kina neno lake.

Lakini neno hilo limetiwa chumvi. Mwaka 1973 Claus Riedel, mtengenezaji wa bilauri wa Austria, alitoa mfululizo wa bilauri ambao kila aina ya mvinyo ilikuwa na umbo lake. Na kwa miaka mingi wanunuzi walielezwa kwamba umbo hupeleka kinywaji kwenye sehemu ya ulimi inayokistahili: utamu nchani, uchungu nyuma. Ramani hiyo ya ulimi ilitokana na vipimo vya Mjerumani Hänig vya mwaka 1901, vilivyokuja kusomwa vibaya baada ya kitabu cha Edwin Boring cha mwaka 1942. Virginia Collings alipovirudia vipimo mwaka 1974, aliona kuwa tofauti baina ya sehemu za ulimi ni ndogo mno. Kila ladha huonjwa karibu kila mahali. Wataalamu wa kuonja nao wana kipimo chao cha kimataifa tangu mwaka 1977: bilauri moja, ya wastani, kwa kila aina ya mvinyo.

Amri nyingine husema mvinyo mwekundu unywewe katika joto la chumba. Chumba gani? Waliotunga kauli hiyo walikuwa na nyumba za mawe za Ulaya, zenye nyuzi kama 16 au 18. Nyumba ya Mollo huweza kuitii bila taabu. Nyumba ya Unguja mwezi wa Februari haiwezi. Kanuni inayohamishwa bila sababu yake hugeuka kuwa ibada tupu.

Ipo pia sababu ya tatu ya kuchagua chombo, nayo si ladha wala si madaha. Waraka wa Vatican wa mwaka 2004, Redemptionis Sacramentum, ulikataza divai ya misa kutiwa katika vikombe vya kioo, vya udongo, au vya kitu chochote kivunjikacho upesi. Hapana aliyedai kwamba divai huwa tamu zaidi ndani ya dhahabu. Chombo hapo huchaguliwa kwa ajili ya heshima, na heshima ni sababu kamili.

Sasa jibu la Mollo laweza kutafutwa. Akisema mwalimu, "Wote wapewe plastiki ili tuwe sawa," atakuwa ameununua usawa kwa kuudhulumu mvinyo bila haja. Akishika bilauri moja mwenyewe na nyingine akampa shemeji mwenye cheo, atakuwa amewapima wageni wake kwa mizani ya kabati. Lakini akimpa mzee wa ukoo na mama mkwe zile mbili, na wengine wote, yeye mwenyewe akiwemo, wakanywa katika bilauri za maji zilizooshwa zisinuke sabuni wala moshi wa kuni, zikatiwa theluthi, mvinyo utakuwa umepata karibu haki yake yote, na watu wamepata yao. Chombo cha heshima hutoka mkononi mwa mwenye nyumba kwenda kwa mgeni. Chombo cha majivuno hubaki mkononi mwa mwenye nyumba. Kioo ni kile kile.

Msomaji wa pwani asiyegusa kileo asidhani kwamba habari hii ni ya bara peke yake. Hapa pia vyombo vilipendwa: bakuli za kaure za China zilijengewa katika nguzo za makaburi ya Kunduchi, na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, aliviona vidaka vya majumba ya Pate, vilivyokuwa na kaure, vimekuwa makao ya makinda ya ndege. Wenye kaure walikwenda zao. Kilichodumu ni kikombe kidogo cha kahawa, kisicho na mkono, kinachosuuzwa na kupita barazani kutoka kwa tajiri hadi kwa mchukuzi. Udogo wake una faida kwa kahawa, kwani huishia ingali moto. Na una faida kubwa zaidi kwa watu, kwani hakuna aliyepewa chake kilicho bora kuliko cha mwenzake. Mwenye kabati la bilauri, awe Mollo au Malindi, angefanya vyema kujiuliza kabla ya kumimina: je, chombo hiki kimemkaribisha nani?