Kuumba na Kuunda: Molekuli za Mti na Molekuli za Pete

Kiswahili hutenganisha kuumba na kuunda. Kuumba ni kazi ya Muumba, na neno hilo linapotumiwa kwa mfinyanzi aumbaye chungu, hutumiwa kwa sababu udongo ulio mikononi mwake haukuwa na umbo lililotangulia. Kuunda ni kazi ya fundi wa jahazi, ambaye hukuta mbao na misumari vipo tayari, akaviunganisha kwa mpango alio nao kichwani. Mkemia anayepata molekuli ambayo haijapata kuonekana katika jani, wala katika damu, wala katika jiwe, awekwe upande upi? Swali hili si mchezo wa maneno, kwa maana anayekubali kwamba mwanadamu anaumba amekubali jambo zito kuhusu Mungu, na anayeshikilia kwamba mwanadamu hupanga tu vilivyokuwapo anadaiwa maelezo: umbo hilo jipya lilikuwa wapi kabla halijapangwa?

Mfano unaofaa kulipima swali hili ni kazi ya Fritz Vögtle, mkemia wa Kijerumani aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Bonn, mji uleule ambamo Kekulé, aliyependekeza pete ya benzini mwaka 1865, aliishi hadi kufa kwake. Vögtle alishughulika kwa miaka mingi na aina mbili za molekuli zinazoonekana kuwa mbalimbali kabisa, yaani zile zenye matawi kama mti na zile zilizojifunga kama pete. Mwaka 1978 yeye na wenzake wawili walichapisha njia ya kuotesha matawi hatua kwa hatua. Kazi huanza na amini, yaani kampaundi ambayo ndani yake atomu ya nitrojeni imeshika hidrojeni mbili. Mahali pa kila hidrojeni hutiwa mkono mfupi wa kaboni unaotokana na akrilonitrili, mkono ambao ncha yake ina nitrojeni nyingine isiyo na hidrojeni. Kisha ncha hiyo huongezewa hidrojeni mpaka igeuke kuwa amini mpya, nayo ina nafasi mbili za kupokea mikono, na kazi huanza tena. Kila duru huitwa kizazi, na kiini chenye amini mbili hufika ncha 4, kisha 8, 16, 32 na 64.

Jina la dendrima, lililotokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mti, lilikuja baadaye kidogo, pamoja na kazi ya Donald Tomalia wa kampuni ya Dow huko Michigan, iliyochapishwa mwaka 1985. Jina hilo linapendeza, lakini lisiaminiwe kupita kiasi. Mti huu hauna shina wala mzizi, kwa kuwa huota kutoka katikati kuelekea pande zote, na hauna uhuru wa kuendelea kukua. Mwaka 1983 Pierre-Gilles de Gennes na Hervet walionyesha kwa hesabu kwamba idadi ya ncha huongezeka maradufu kwa kila kizazi ilhali nafasi iliyopo pembezoni haiongezeki kwa kasi hiyo, kwa hiyo lazima kifike kizazi ambacho ncha zinasongamana na mikono mipya haina pa kukaa. Yeyote adhaniaye kwamba mkemia ana mamlaka ya muumba juu ya maada na autazame mpaka huo, ambao mkemia hakuuweka wala hawezi kuuondoa.

Hata hivyo, kabla ya mpaka huo kufikiwa, hesabu nyingine hujitokeza, nayo huliyumbisha neno la pili pia. Molekuli yenye ncha 64 huhitaji mikono 124, na kila mkono hupitia mmenyuko wa kuunganishwa na mmenyuko wa kuongezewa hidrojeni, jumla 248. Kila mmenyuko ukifanikiwa mara 995 katika 1,000, ufanisi ambao maabara nyingi zingeufurahia, molekuli zisizo na kasoro hata moja zitakuwa takriban asilimia 29 tu ya zote. Nyingine zina tawi lililokatika mahali fulani, na mkemia hawezi kunyoosha kidole akasema ni ipi. Fundi wa jahazi huujua kila ubao aliougongomea. Mkemia hushughulika na umati usiohesabika ndani ya chupa moja, huchagua kiyeyushi, joto na muda, kisha husubiri. Kwa hiyo kusema kwamba anaunda molekuli ni kusema zaidi ya anachokifanya.

Jambo hili huonekana waziwazi zaidi katika pete. Mwishoni mwa karne ya 19 ilidhaniwa, kutokana na nadharia ya Adolf von Baeyer ya mwaka 1885, kwamba pete kubwa za kaboni haziwezi kudumu, mpaka mwaka 1926 Leopold Ruzicka alipoonyesha kwamba harufu ya zabadi, ile inayotoka kwa fungo na kutiwa katika manukato, inatokana na molekuli ya pete yenye kaboni 17. Fungo alikuwa akiitengeneza pete hiyo wakati wanazuoni wakiikanusha. Ili kupata pete katika chupa, mkemia huchukua mnyororo wenye ncha mbili zinazopendana na kuutia katika kiyeyushi kingi mno, kidogo kidogo, kwa saa nyingi, kwa kuwa katika umati ncha ya mnyororo hukutana kwanza na ncha ya jirani na kuzaa mnyororo mrefu zaidi, lakini ikikosa jirani hatimaye hukutana na ncha yake yenyewe. Mkemia hafungi pete. Yeye huwaondoa majirani.

Hapa msomaji wa ilmu ya kalam, yaani teolojia ya Kiislamu, atakumbuka mafundisho ya wafuasi wa al-Ash'ari kuhusu kasbi, yaani kwamba Mungu ndiye muumba wa tendo na mwanadamu hulichuma tu, na atamkumbuka pia al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye katika Tahafut al-Falasifa alihoji kama moto ndio unaoichoma pamba au kama kuungua hutokea tu pamba inapokutana na moto. Ulinganifu unavutia, ila usichukuliwe kuwa ushahidi. Mkutano wa ncha mbili katika mmumunyo mwembamba ni wa bahati kwa kila molekuli moja, lakini kwa umati mzima hutabirika vizuri kiasi cha kuandikwa katika vitabu vya mafunzo, na hoja ya al-Ghazali haikuhusu kutabirika bali ulazima. Kinachopatikana katika kemia ni kidogo kuliko hapo, nacho ni kwamba neno kuchuma linaieleza kazi ya maabara kwa usahihi kuliko kuumba na kuunda.

Lakini linabaki jambo moja ambalo kuchuma hakulielezi. Makala ya Vögtle ya 1978 iliitafuta miti hiyo kwa ajili ya uwazi ulio ndani yake, kama vile pete zinavyotafutwa kwa ajili ya uwazi ulio katikati. Charles Pedersen wa kampuni ya DuPont, aliyekuwa akitafuta kitu kingine, alikuta mabaki ya fuwele nyeupe yasiyofika nusu ya asilimia moja, akagundua kwamba ni pete inayoweza kuishika ioni ya potasiamu katikati yake. Matokeo yake yalitoka mwaka 1967, na pete hizo ziliitwa taji. Katika taji lenye atomu 18, 6 kati yake ni oksijeni, nazo huelekea ndani na kumzunguka mgeni, yaani ioni iliyoshikwa. Ingetarajiwa kwamba uwazi umsubiri, kama chumba kinachosubiri mpangaji. Fuwele za taji lisilo na mgeni zilipochunguzwa kwa eksirei, uwazi haukuonekana: pete ilikuwa imejikunja, na baadhi ya hidrojeni zake zimeelekea ndani na kuijaza nafasi. Chumba huwa chumba mpangaji anapoingia.

Donald Cram wa Los Angeles, aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1987 pamoja na Pedersen na Jean-Marie Lehn, hakuridhika na hali hiyo. Alipanga duara gumu la pete sita za benzini, lisiloweza kujikunja, ambalo oksijeni zake sita zimelazimishwa kutazamana katikati ingawa zinasukumana, akaliita sferandi. Picha za eksirei za sferandi tupu zilionyesha shimo halisi, lenye umbo karibu sawa na lile linaloonekana litiamu ikiwa ndani, na sferandi huishika litiamu kwa nguvu ambayo taji haliifikii, kwa sababu gharama ya kuziweka oksijeni mahali pake ililipwa mgeni alipokuwa bado hajafika. Katika shimo hilo, lililofikiriwa kwanza na kujengewa kuta baadaye, neno kuunda linastahili. Ukubwa wa litiamu, ambao shimo lilipimiwa, haukutoka katika maabara yoyote.