Ikhlasi ya Mwalimu Si Mali Yetu



Ndugu msomaji, kila uchumi unapobana, maneno mawili husikika juu ya walimu. La kwanza: "Saa kumi wameshafika nyumbani, na likizo wanazo tatu kwa mwaka. Wanalilia nini?" La pili husemwa kwa upole, na mara nyingi husemwa na sisi Waislamu: "Ualimu ni wito. Ajitolee, malipo yake yako kwa Allah." La kwanza lina jibu rahisi. La pili ndilo la hatari, kwa sababu limevaa kanzu ya dini.

Tuanze na hilo la saa. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, darasa moja la msingi mara nyingi lina watoto zaidi ya 100. Mwalimu akisahihisha kila daftari kwa dakika 2 tu, madaftari 100 yanamchukua dakika 200, yaani saa 3 na dakika 20. Hilo ni somo moja, na kazi hiyo inaanza baada ya kengele ya kwenda nyumbani. Watoto wenyewe wametoka Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia, kwa hiyo jambo moja huelezwa mara mbili au tatu. Saa hizo hakuna anayeziona, ndiyo maana hakuna anayezihesabu.

Na malipo je? Mwaka 2022, bei za petroli, sabuni na mafuta ya kupikia zilipopanda nchi nzima, serikali ya Uganda iliongeza mshahara wa mwalimu wa sayansi wa sekondari mwenye digrii hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Mwenzake wa historia au dini, mwenye digrii kama yake, akabaki na takriban milioni 1.1, na mwalimu wa msingi takriban 500,000. Juni mwaka huo chama cha walimu, UNATU, kikaitisha mgomo. Juni 2025 walimu wa masomo ya sanaa wakagoma tena. Jibu la serikali lilikuwa kwamba fedha ni chache na sayansi itangulie. Mitaani watu wengi waliona tamaa, wakauliza mbona hawa hawana huruma na watoto wetu.

Hapo ndipo neno la pili linapoingia. Tunamwambia mwalimu awe na ikhlasi. Ni kweli, ikhlasi ni sharti la kila amali. Lakini ikhlasi ni siri kati ya mja na Mola wake. Sadaka huwa sadaka pale mwenye mali anapoitoa kwa radhi yake. Mtu mwingine akiitoa kwa niaba yake bila idhini, sheria ina jina lingine kwa kitendo hicho: kula mali ya mtu kwa batili. Mwalimu akisema, "Mwezi huu nafundisha bure kwa ajili ya Allah," ametoa sadaka kubwa. Mzazi, kamati au serikali ikimwambia, "Mwezi huu unafundisha bure kwa ajili ya Allah," imechukua jasho lake na kuliandika kwenye daftari la thawabu ili isiliandike kwenye daftari la deni.

Waliotutangulia hawakuufumbia macho mkate wa mwalimu. Baada ya Badr, mateka waliokosa fidia lakini wakajua kuandika waliachiliwa kwa sharti la kufundisha watoto wa Madina. Mtume (s.a.w.) alikubali kazi ya kufundisha isimame mahali pa fedha ya kumkomboa mtu. Abu Bakr (r.a.) alipokuwa khalifa alitoka kwenda sokoni kuuza nguo kama kawaida yake, hadi masahaba wakamwekea posho kutoka baytul mal, kwa kuwa kazi ya umma na kutafuta riziki sokoni haviendi pamoja. Na hakuna aliyetilia shaka ikhlasi ya Abu Bakr.

Wanazuoni wa mwanzo wa madhehebu ya Hanafi walikataza ujira wa kufundisha Qur'an. Waliokuja baada yao wakauruhusu, na sababu waliyoitoa inatuhusu sana: posho za walimu kutoka baytul mal zilikuwa zimekatika, na ikahofiwa kwamba mwalimu atakimbilia kutafuta riziki, Qur'an ikose wa kuifundisha. Hali ilipobana, fatwa ilielekea upande wa kumlipa mwalimu. Sisi leo hali ikibana tunaelekea upande wa kumnyima.

Hofu yao tumeiona kwa macho. Shule za Uganda zilipofungwa, kikamilifu au kwa sehemu, tangu Machi 2020 hadi Januari 2022, walimu wengi wa shule binafsi walikaa bila mshahara. Wengine wakaingia kwenye boda boda, wengine kwenye biashara ndogo, na wapo ambao hawakurudi darasani.

Atasema mtu: basi alipe nani, ikiwa mzazi mwenyewe hana? Swali hili ni zito. Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilisitisha msaada kwa wakimbizi wapatao milioni 1 nchini Uganda kwa kukosa fedha. Ukimdai ada mzazi wa Nakivale ambaye hana unga, unamdhulumu yeye. Lakini sheria imetofautisha watu wawili. Aliyeishiwa kweli hupewa muda. Mwenye uwezo anayechelewesha, Mtume (s.a.w.) amekuita kuchelewesha kwake dhuluma. Uhaba unaweza kupunguza kiasi cha malipo, mkikaa na mwalimu, mkasema wazi kilichopo, naye akakubali. Hauwezi kuhalalisha kumficha hesabu, kumzungusha miezi, kisha kumhutubia juu ya subira.

Mizani hii ina pande mbili. Surat al-Mutaffifin inamkemea anayepima kamili anapopokea na kupunja anapotoa. Mwalimu anayelipwa na haingii darasani naye anapunja, na uchache wa mshahara haumpi ruhusa ya kuwaibia watoto saa zao.

Wengi wetu tunasomea ualimu, na wengine kesho tutakaa kwenye kamati za shule na misikiti. Tunaweza kuanza hapa hapa Nyamitanga na ustadhi wa madrasa. Tumuulize kiongozi wa msikiti analipwa kiasi gani, na mara ya mwisho alilipwa lini. Kama jibu ni "anajitolea," tumuulize ustadhi mwenyewe kama hilo ni neno lake.

Allah atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotimiza vipimo. Amin.